Mchumba wa Msimbazi Ananipotezea Muda

Nyie mashemeji mnaolisoma jarida hili kwa kuibia wake zenu wakiwa jikoni, karibuni, mwezi huu ukurasa ni wa wote.

Mwezi uliopita tulizungumzia wachumba wa kudumu. Si mnawakumbuka? Yule kaka anayekuja kwenu kila Jumapili, anakula pilau, anasifia pilau, anamwita mama yako "mama", lakini ukitaja barua ya posa anakumbuka kwamba ana kikao. Barua zenu nimezipata, ujumbe wa simu ndiyo usiseme. Dada mmoja wa Mbagala kaniandikia kwamba huu ni mwaka wake wa saba, na kila akilalamika anajibiwa, "Lakini si unaona tulikotoka?" Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu kicheko kikakata. Maana mie mwenyewe ninaye wa namna hiyo hiyo, na jengo lake lipo Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo. Anaitwa Simba Sports Club. Alizaliwa mwaka 1936, akabadili majina mara kadhaa hadi akatulia na hili la Simba mwaka 1971, na katika umri wote huo hajawahi kuniletea nyumbani kombe hata moja la klabu za Afrika.

Wasio wa mpira msifunge ukurasa, sitawachosha na habari za kona na kuotea. Hii ni habari ya mapenzi kama nyingine zote tunazoongea humu.

Timu nimeirithi kwa baba, kama nilivyorithi pua. Mzee wangu ni fundi magari mstaafu wa Temeke, na katika maisha yake amefika karibu na furaha mara tatu. Mara ya kwanza 1974, Simba ilipotinga nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mara ya pili 1993, fainali ya Kombe la CAF, dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Hii naikumbuka mwenyewe, nilikuwa darasa la tatu. Kule Abidjan tulitoka sare ya 0-0, kwa hiyo Dar es Salaam nzima ikajua kazi imekwisha, na wachezaji walishaahidiwa magari. Novemba 27 baba akaenda Uwanja wa Taifa na sisi tukabaki nyumbani na redio, mama akikaanga samaki. Tukafungwa 2-0, nyumbani kwetu. Bao la pili lilipoingia mama alizima redio kabla mtangazaji hajamaliza sentensi yake. Baba alirudi usiku kwa miguu, akaomba maji ya kunywa, akalala. Samaki wake alikula paka.

Mara ya tatu ni 2003, Zamalek. Nitairudia.

Sasa na mie, kwa akili zangu timamu, nikaolewa na mwana Yanga. Wanaosema mapenzi hayaangalii dini wala kabila wamesahau kutaja hili. Mume wangu ni mtu mpole sana, halewi, harudi usiku wa manane, lakini siku ya mechi ya watani wa jadi anakuwa mtu mwingine kabisa. Tumejiwekea utaratibu: siku hiyo yeye anakwenda zake kuangalia na wenzake, mie nakwenda kwa dada yangu Kinondoni, na marufuku kutumiana ujumbe wowote mpaka kesho yake baada ya chai. Nawashauri wanandoa wote wa nyumba za mchanganyiko wafanye hivyo. Utaratibu huu uliheshimiwa miaka yote isipokuwa Novemba 5, 2023. Mnajua ilikuwa nini. Tulikwenda mapumziko 1-1, nikaagiza soda ya pili, na mechi ikaisha 5-1. Bwana yule aliporudi alipitia sokoni kwanza. Mayai matano, nyanya tano, vitunguu vitano, maandazi matano, vyote kavipanga mezani kimya kimya, halafu akanyoosha mkono eti nimpe tano. Siku mbili baadaye kocha wetu Robertinho kibarua kikaota nyasi. Mie nilibaki na nyanya.

Lakini sikilizeni niwaambie, na hili ndilo lililonikalisha kuandika: Yanga kutufunga hakuniumizi kama mnavyodhani. Utani ni utani. Kuanzia ile 5-1 hadi Ngao ya Jamii ya Septemba 2025 wametufunga mara sita mfululizo, wamechukua ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, na bado usingizi naupata. Kinachonikosesha usingizi ni maneno tunayoambiwa tukishindwa.

"Tumekufa kiume."

Jamani, mie ni mwanamke, kufa kiume sijui kunafananaje. Kuzika ndiko ninakokujua.

Hebu tuhesabu pamoja. Msimu wa 2018/19 Clatous Chama alituua kwa furaha dhidi ya AS Vita pale Taifa, tukaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. TP Mazembe wakaja, sare 0-0, tukaenda Lubumbashi tukala 4-1. Sawa, tulikuwa wageni wa mambo hayo, nikapiga makofi kwa moyo mmoja. Msimu uliofuata hatukufika hata makundi, tulitolewa mapema Agosti na UD Songo ya Msumbiji. Msimu wa 2020/21 ndiyo ule mtamu, tukamfunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa, bao la Luis Miquissone, tukaongoza kundi. Robo fainali tukapangiwa Kaizer Chiefs. Nilimwambia mume wangu aanze kufua jezi yangu ya nusu fainali. Tukaenda Johannesburg tukafungwa 4-0! Nne, na timu iliyokuwa inahangaika kwenye ligi ya kwao. Marudiano tukawafunga 3-0, jumla 4-3, tukatoka. Uwanja ukaimba. Viongozi wakashukuru kwa mshikamano. Msemo siku ile? Kufa kiume.

Msimu wa 2021/22 tulikuwa na kauli yetu, "Kwa Mkapa hatoki mtu", imeandikwa mpaka kwenye daladala. Jwaneng Galaxy ya Botswana, ambayo tulishaifunga kwao 2-0, ikaja kwa Mkapa ikatufunga 3-1 ikatoka salama, tena na tiketi yetu ya makundi mfukoni. Tukaangukia Kombe la Shirikisho, robo fainali, Orlando Pirates, penalti, nje. Msimu wa 2022/23, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wydad Casablanca, tumeshinda 1-0 kwetu, tumefungwa 1-0 kwao, penalti, nje. Msimu wa 2023/24, robo fainali, Al Ahly, tumefungwa nyumbani na ugenini, nje.

Robo fainali tano katika misimu sita. Watani wakatupa jina la Mwakarobo. Ukilisikia haraka unadhani ni jina la mzee fulani wa heshima kutoka Tukuyu, mwenye shamba la migomba. Mume wangu alilihifadhi hadi kwenye simu yake. Nikipiga, kioo kinaandika "Mama Mwakarobo". Nilicheka. Siyo siri, jina limekaa vizuri mno mtu usicheke.

Lakini ngoja niwaulize nyie mnaojua uchumba. Mwanaume akija kwenu mara ya kwanza akafika sebuleni, ni hatua. Mara ya pili sebuleni, sawa, ana haya. Akifika sebuleni mara ya tano, kakaa kwenye kochi lile lile, anakwambia mbona wenzake wanaishia getini, utamwambiaje? Maana ndivyo tunavyojibiwa. Tupo kwenye kumi bora za Afrika kwa hesabu za CAF. Timu ngapi za ukanda huu zinafika robo? Ni kweli, tena kweli tupu. Ni kweli ya aina ile anayoambiwa dada yangu wa Mbagala.

Na msidhani ni umaskini. Umaskini ningeuelewa, mie nimekulia Temeke. Desemba 2017 wanachama tulikubali mabadiliko: mwekezaji Mohammed Dewji kwa shilingi bilioni 20 apate asilimia 49, sisi tubaki na 51. Kuanzia 2023 Rais Samia akawa anatoa shilingi milioni 5 kwa kila bao katika mechi hizi za Afrika. Kila mwaka kuna Simba Day, uwanja unajaa, wasanii wanaimba, wachezaji wapya wanatambulishwa kwa moshi na mataa. Wapokeaji wa wachezaji uwanja wa ndege utadhani wanapokea maharusi. Kwa hiyo mahari ipo. Kinachonisumbua ni kama kweli anayo nia ya kuoa.

Angalieni Agosti 2021. Ndiyo kwanza tumetoka kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Afrika nzima imeshaijua Simba. Kwa mwenye usongo na kombe, huo ndio msimu wa kuongeza mtu mmoja mbele na mmoja nyuma basi. Sisi dirisha lile lile tukamuuza Miquissone kwa Al Ahly na Chama kwa RS Berkane ya Morocco. Wote wawili! Ni kama umeshajenga nyumba mpaka linta, unauza mabati ili ununue rangi. Mwezi huo huo hata msemaji wetu akahamia Jangwani. Kilichofuata Oktoba ni Jwaneng, na kilichofuata mwisho wa msimu ni ubingwa kwenda kwa watani, na ukakaa huko huko.

Najua jibu lake: mchezaji akitaka kuondoka humfungi kamba, na fedha ya Waarabu ni nzito. Nakubali. Lakini wenzetu wanaotushinda robo fainali wakiuza mmoja wanakuwa wameshanunua wawili. Sisi tukiuza, tunatangaza tumepata fedha nyingi, kisha tunasubiri wale wale wachoke huko waliko warudi. Chama alirudi Januari 2022. Miquissone alirudi 2023, na mwenye macho aliona kwamba yule wa 2021 alikuwa amebaki Cairo. Hapa nazungumza na kina dada hasa: mnaojua habari ya kumpokea mtu wa zamani mkidhani mnapokea na ule wakati wa zamani, mnanielewa.

Halafu Julai 2024, Chama akasaini Yanga.

Mie sikulia. Nilikuwa saluni nasukwa, nusu kichwa, msusi kanionesha simu yake. Saluni nzima ikanyamaza kama mtu katajiwa msiba. Mama mmoja mnene, simfahamu mpaka leo, akasema taratibu, "Bora angekwenda mbali." Na hilo ndilo lenyewe. Aliyekuacha akahamia Morocco unaweza kumsahau. Aliyehamia nyumba ya jirani, unayemuona akianika shati lake kwenye kamba ya mwenzio, huyo ni adhabu. Mume wangu, kwa utu wake, siku ile hakusema neno. Alininunulia chipsi kuku. Ningependa zaidi angenitania.

Makocha sitaki kuwamaliza. Aussems, Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha, Fadlu Davids. Hao ni wageni peke yao, kati ya 2018 na 2025, katikati yao Juma Mgunda anaitwa kushika funguo wenye nyumba wakisafiri. Wengine tuliwapa thenkyu, wengine walituacha wenyewe. Vandenbroeck aliondoka Januari 2021 siku chache tu baada ya kutuingiza makundi, na Fadlu akaondoka Septemba 2025 msimu ukiwa hata haujachangamka. Kila mmoja anakuja na wachezaji anaowataka, anaondoka anatuachia wachezaji asiowataka mwenzake. Msichana akibadili wachumba wanane ndani ya miaka saba mitaa yetu hii ingempa jina. Klabu ikifanya hivyo inaitwa kujenga timu.

Sasa kuna mtu ananiona mnafiki, eti nimesahau 2025. Sijasahau. 2025 ndiyo iliyonitia kidonda.

Msimu wa 2024/25 tulianza upya kabisa, vijana wengi, Fadlu kocha mpya, kauli mbiu "Ubaya Ubwela". Tukiwa Kombe la Shirikisho, robo fainali tena, Al Masry wakatufunga 2-0 kwao. Nikasema basi, Mwakarobo yule yule. Aprili 9 kwa Mkapa tukazirudisha zote mbili, tukaenda penalti, kipa Moussa Camara akafanya yake, tukashinda 4-1. Wallahi nililia. Nilimpigia baba simu, hakupokea, kumbe na yeye analia kwake. Ile laana ya robo imekatika! Nusu fainali tukaitoa Stellenbosch ya Afrika Kusini, 1-0 Zanzibar na 0-0 kwao. Fainali. Ya kwanza ya Afrika tangu ile ya 1993, ya samaki wa paka.

Na mpinzani nani? RS Berkane. Wale wale tuliowauzia Chama.

Mei 17 kule Berkane, dakika kumi na tano hazijatimia, tumeshafungwa mawili. Marudiano yakapangwa Mei 25, na CAF ikayahamisha kutoka kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, kwenda Amaan, Zanzibar, unaoingiza robo ya hao. Nikapanda boti na baba. Mzee ana magoti mabovu, akapanda ngazi za boti kama kijana. Joshua Mutale akafunga dakika ya 17 na nikaona kabisa, nawaambia nikaona kwa macho yangu, namna kombe linavyokuja. Kipindi cha pili tukapata kadi nyekundu. Tukafunga bao, likakataliwa kwa VAR. Dakika za nyongeza wakasawazisha. 1-1, jumla 3-1.

Sikumlaumu mchezaji yeyote siku ile na simlaumu leo. Vijana walicheza. Baba akaniambia, "Safari hii walau tumefunga." Nikamwangalia. Mwaka 1993 fainali nzima tulimaliza bila bao hata moja, 2025 tumefunga moja. Kwa hesabu za mzee wangu hayo ni maendeleo ya miaka 32. Alisema kwa dhati kabisa, na hapo ndipo nilipokasirika, siyo kwake. Nilikasirika kwa sababu nilielewa kwamba mtu huyu amefundishwa kuridhika. Kafundishwa pole pole, mwaka kwa mwaka, robo kwa robo, mpaka makombo anayaita mlo.

Nilitegemea baada ya fainali ile nitasikia mtu anasimama anasema: tulikosa hiki na hiki, tunataka kombe ifikapo mwaka fulani, na tusipolipata tuulizeni fulani. Nikasikia shukrani. Nikaona picha. Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, tukafungwa na watani 2-0 kwenye mechi iliyoamua ubingwa.

Kwa haki niseme na upande wa pili, maana barua zitakuja. Yanga nao hawana kombe la Afrika. Mwaka 2023 walifika fainali ya Shirikisho wakafungwa na USM Alger 2-1 hapa Dar, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, kanuni ya bao la ugenini ikawanyima. Mume wangu alikaa nje kwenye baraza mpaka saa nane usiku. Sikumtania, nilimpelekea shuka. Lakini kuna kitu nilikiona kwake msimu uliofuata ambacho kwangu sikioni: walikuwa na hasira. Waliitaka ligi, wakaitaka na ya kwetu, na wakatufunga tano wakiwa bado wanaitaka ya sita. Sisi tukifungwa tunatafuta mchawi, tukishinda tunatafuta msanii wa kutunga wimbo.

Mnaweza kuniambia niache, mpira ni mchezo tu, mama mzima una mambo ya kufanya. Pale mzunguko nimeshaambiwa hivyo na kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu, eti "Dada, umemfuata nani huku?" Nimelipa shilingi elfu tano yangu kama yeye. Nikamtajia kikosi cha 2003 kuanzia Juma Kaseja, kabla sijafika kwa washambuliaji akahama kiti.

Tatizo langu siyo mie. Mie nimeshazeeka na ugonjwa huu. Tatizo ni mwanangu wa kiume, kazaliwa 2016. Mtoto huyu alipoanza kuelewa mpira, ubingwa ulikuwa umeshahama. Ile minne mfululizo ya 2018 hadi 2021 kwake ni hadithi, sawa na sungura na fisi. Shuleni wenzake ni njano na kijani. Nyumbani baba yake ana njano na kijani. Yeye ana mama, babu, na jezi nyekundu iliyombana kwapani. Wiki chache zilizopita tukiwa tunamenya viazi akaniuliza, "Mama, mtu akihama timu anapata dhambi?"

Nikamwambia hapana, hakuna dhambi. Ukweli ni huo. Siwezi kumdanganya mtoto nimfungie mahali kwa uongo, dada zetu wangapi wamefungiwa hivyo? Nikamwambia akamuulize babu yake, mzee ndiye mwenye maneno.

Jumapili tukaenda Temeke. Baba akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akazima televisheni, akamsimulia Zamalek. Mie nilikuwa mlangoni nasikiliza, na nawahakikishieni hakuna anayesimulia kama yeye. Mwaka 2003. Zamalek ndio mabingwa wa Afrika. Tumewafunga 1-0 hapa, tumekwenda Cairo, wametufunga 1-0, uwanja mzima unawazomea watoto wetu. Penalti. Kaseja yuko golini, kijana mdogo, mwembamba. Baba akasimama kwenye magoti yake mabovu, akapanua mikono, akaruka kushoto, akashika kabati lisianguke. Mabingwa wa Afrika, nje! Mtoto macho yamemtoka, mdomo wazi, kakamata kiti kwa mikono yote miwili. Nikajua kazi imekwisha, tumempata.

"Halafu babu, mkachukua kombe?"

Baba akakaa. Akafuta jasho kwa kanga ya mama iliyokuwa kwenye kochi.

"Tuliingia makundi," akasema.

Mtoto akamtazama babu yake, akanitazama mie, akaomba ruhusa kwenda kucheza nje. Jezi mpya sijamnunulia. Saizi yake naijua, kaongezeka inchi mbili. Rangi ndiyo nasubiri aniambie mwenyewe.

Haya, dada wa Mbagala, ya kwako nitakujibu mwezi ujao.